Aliyemkaribisha Shangazi Skola

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini siku hiyo, nakujibu kabisa: chai ya rangi, kikombe kimoja, tena asubuhi. Haya ninayokusimulia yalitokea nyumbani kwangu Ngumbo, siku ya Jumamosi, saa saba mchana, jua kali kiasi kwamba mbwa wa jirani alikuwa amejificha chini ya karo langu la kufulia. Watu wanapenda mambo ya namna hii yatokee gizani, ili baadaye waseme labda macho yaliwadanganya. Mimi yalinikuta kweupe. Kuamini au kutoamini ni hiari yako, lakini nafundisha hesabu mwaka wa kumi na tisa huu, na sina mazoea ya kuona visivyokuwepo.

Nianze na mashine, maana bila mashine hakuna kisa.

Ni laptopu ya kawaida tu, niliinunua Mbinga mjini. Muuzaji alinitolea kwanza zile nyembamba kama sahani, za bei ya kumfanya mtu apige ishara ya msalaba. Nikakataa. Akanitolea zile za bei ya chini kabisa, ambazo ukibonyeza kibodi yote inabonyea kama godoro. Nikakataa tena. Mwisho akatoa ya katikati, ya rangi ya majivu, nzito kidogo, haina la kujivunia usoni. Akaniambia hiyo si ya kuringia, ni ya kazi. Nikaipakata tangu Mbinga mpaka Ngumbo kama mtoto mchanga, na sikuwahi kujuta.

Naisifia na sioni haya. Umeme ukikatika asubuhi, betri yake inanifikisha jioni nikiwa bado nasahihisha. Nimeichapia mitihani, alama, mihtasari ya vikao, nyimbo za kwaya, ratiba za mazishi za nusu ya kata hii. Majirani huja niwaandikie barua za kuomba kazi, na wawili walizipata. Siku moja ilianguka kutoka kwenye kigoda, ikapasuka pembe, nikakaa chini nikishika tama. Nilipoifungua ikawaka kana kwamba haikutokea kitu. Kasoro inazo. Ukiitoa barazani jua linaila skrini na huoni hata herufi. Kamera yake inakutoa sura ya mtu aliyefufuka jana. Na ukifungua mambo mengi kwa pamoja, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga, basi mimi huyafunga moja moja huku nikiiomba radhi.

Lakini sababu hasa ya kuipenda ni baba yangu.

Baba alikuja kuishi kwangu kutoka Mbuji, kijijini kwetu, baada ya presha ya macho kumaliza kuona kwake. Mama alikwishatangulia, mimi sina mume wala ndugu, tukawa wawili tu. Maisha yake yote baba alikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa, mtu wa kusoma hata karatasi iliyofungia sabuni. Alipoacha kusoma, akaanza kuacha na mambo mengine. Kwanza akaacha redio. Kisha akaacha kutoka nje. Kisha chakula akawa anakula nusu, halafu robo, halafu ananiambia nimpelekee jirani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, lakini mimi nilimwona anaondoka, na nilikuwa sijui nimshike wapi.

Mwalimu Salehe ndiye aliyeniokoa. Ni mtu wa Tanga, anafundisha kompyuta shuleni kwetu. Alikuja akaiwekea ile laptopu programu inayosoma kwa sauti chochote kilichoandikwa, kwa Kiswahili, hata pasipo mtandao. Sauti yenyewe ni ya mwanamume mwenye mafua makali, lakini inasoma. Salehe akaongeza na mbwembwe yake: ukiinua tu kifuniko, mashine inasema, "Karibu, mzee." Akakaa na baba alasiri tatu akimfundisha vitufe kwa kupapasa. Mwezi haukuisha, baba akawa anaifungua mwenyewe kila mchana na kusoma magazeti niliyomjazia, Maandiko Matakatifu, na hata matangazo yangu ya shule.

Na inasoma kilichoandikwa, haikuonei huruma. Siku moja niliwaandikia wazazi tangazo la kikao, kidole kikateleza kwenye herufi moja. Baba akalifungua, na ile sauti ya mafua ikatangaza sebuleni kwangu, "Wazazi na walevi wote mnaombwa kufika bila kukosa." Baba alicheka mpaka akakohoa. Ulikuwa mwaka mzima sijasikia kicheko chake. Siku hiyo alimaliza sahani yake, nami nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Sasa nikueleze jambo la kwetu, maana pasipo hilo hutaelewa. Bibi yangu mzaa mama, kule Mbuji, alitulea na sheria moja ya mlangoni. Mtu akipiga hodi mara moja akanyamaza, usimkaribishe. Subiri ya pili. Mtu mwenye damu hurudia, kwa sababu ana haraka, jua linamchoma, mzigo unamwelemea. Asiyerudia hana haraka ya kitu chochote, na mtu wa namna hiyo si wa kufunguliwa. Tena alisema, anayetamka "karibu" ndiye mwenye mgeni. Ndiye atakayemhudumia, hata kama nyumba si yake. Nilipokuwa chuoni nilikuwa nawasimulia wenzangu hayo tunacheka. Lakini nikisikia hodi, mpaka leo, mdomo wenyewe unasubiri ya pili.

Basi Jumamosi hiyo nilikuwa jikoni, uani, nasonga ugali wa muhogo, usipa, dagaa wetu wa ziwani, wameshaiva pembeni. Baba alikuwa sebuleni. Nikasikia sauti ya mwanamke, ya upole, mlangoni kwa mbele.

"Hodi."

Nikazuia mwiko. Nikasubiri. Sikusikia ya pili. Hata kuku walikuwa kimya, ila hilo silitilii maanani, joto lile lilimnyamazisha kila mtu. Nikajiambia labda ni mtu kapita zake. Mara nikasikia kile kifuniko kinainuliwa, na ile sauti ya mafua ikasema kwa heshima zake zote, "Karibu, mzee."

Na papo hapo nikasikia pete za pazia la mlangoni zinasogea.

Niliingia na mwiko mkononi, ugali umening'inia. Kwenye kiti cha wageni alikaa binti wa miaka kama ishirini na mbili hivi. Alivaa kitenge kilichopauka na kilemba, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyezoea viti. Nilimtazama wapi kwanza? Miguuni, kama ambavyo nawe ungetazama. Hapana, hazikuwa kwato. Ilikuwa miguu ya mtu, visigino vimepasuka. Lakini ilikuwa imejaa udongo mpaka kwenye vifundo, udongo mweusi, mbichi, una vipande vya majani yaliyooza ndani yake. Udongo huo naujua. Ni wa ngoro, yale mashimo ya kilimo chetu Wamatengo, tunayochimba kwenye miteremko na kufukia majani chini yake; nimeyachimba tangu utoto. Hapa Ngumbo ni mchanga mtupu, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi.

Nikafungua mdomo nimsalimie, nimuulize ametoka kwa nani. Sikuwahi. Baba alikuwa amesimama. Baba yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, kichwa cheupe kama pamba, aliinamisha kichwa mbele ya binti yule na kusema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, Bosko," binti akajibu, bila haya hata kidogo.

Niamini, mwiko ulinitoka mkononi. Baba akanigeukia upande nilipokuwa, uso wake umelainika kama wa mtoto, akaniambia kwa Kimatengo kwamba huyo ni shangazi yangu Skola, nimwamkie. Nikamwamkia. Nilimpa shikamoo mtu ambaye kwa umri angekuwa ametoka darasani kwangu juzi.

Kuhusu shangazi Skola nilijua machache. Alikuwa dada mkubwa wa baba. Wazazi wao walikufa mapema, yeye ndiye aliyemlea, akachimba ngoro katika mashamba ya watu ili mdogo wake asome, yeye mwenyewe hajui hata herufi. Akafa wakati baba bado yuko shuleni. Kila baba alipofika hapo alikuwa anabadilisha mazungumzo, nami sikuwahi kumbana.

Nikawaza jambo moja tu: amekuja kumchukua. Nimehangaika mwaka mzima kumrudisha baba yangu kwenye sahani ya chakula, na sasa mwenyewe amefuatwa. Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilibaki nilipo.

Shangazi hakuwa akimtazama baba wala mimi. Alikuwa anaitazama laptopu juu ya meza. Akasema, "Aliyenikaribisha ni huyu. Huyu ndiye anisomee."

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi iliyokunjwa, ya manjano kwa uzee, imefungwa kwa uzi wa mgomba. Akaiweka mezani. Baba aliisikia ile karatasi inagusa mbao, na uso wake ukabadilika. Akauliza kama ni ile barua. Shangazi akajibu kuwa ni hiyo hiyo aliyompelekea kutoka shuleni.

Nikanyoosha mkono niichukue. Baba akasema, "Usiiguse." Sijui alijuaje kwamba nimenyoosha mkono. Kisha akasema kwa sauti ya taratibu, sauti yake ya ukarani, kwamba mashine ile haioni karatasi, inasoma kilichochapwa ndani yake tu. Barua anaikumbuka neno kwa neno. Ataitaja, mimi nichape, mashine imsomee dada. Shangazi akatikisa kichwa kukubali.

Basi nikakaa. Upande mmoja baba yangu, upande wa pili shangazi yangu marehemu, vidole vyangu vinanuka usipa. Nilikuwa natetemeka, lakini kibodi ile haikunikosesha hata herufi moja, na hilo nalo naliweka kwenye sifa zake. Baba akataja, nami nikachapa hivi:

"Dada mpendwa, salamu nyingi. Mimi ni mzima. Chakula ulichoniletea kilikuwa kitamu sana na wenzangu walikisifu. Likizo nitakuja nyumbani tulime pamoja. Njoo tena kunitembelea. Ni mimi mdogo wako, Bosko."

Nilipomaliza niliirudia kwa macho, kama ninavyorudia mtihani kabla ya kuutoa. Haikuwa na kosa. Nikabonyeza isomwe.

Ile sauti ya mafua ikaanza. "Dada. Usije tena hapa shuleni."

Nikadhani nimefungua kitu kingine. Nikaangalia skrini. Maneno yalikuwa yale yale niliyochapa. Unajua mashine inaposoma huwa inapaka rangi kila neno linalotamkwa, ili mwenye macho afuatilie? Ile rangi ilikuwa inatembea juu ya "chakula ulichoniletea kilikuwa kitamu," na sauti ilikuwa inasema, "Siku ile ulipokuja na kikapu, wenzangu waliona miguu yako ina udongo. Wakaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni kibarua wa jirani yetu." Rangi ikapita juu ya "nitakuja nyumbani tulime pamoja," na sauti ikasema, "Walicheka sana. Ukiwa na kitu cha kunipa, mpe katekista akija huku. Usije mwenyewe. Bosko."

Ikanyamaza. Hata feni ilikuwa haisikiki.

Baba alikaa chini taratibu, akaushika ukingo wa meza. "Ndivyo nilivyoandika, dada," akasema. Halafu akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia, hata tulipomzika mama. Alilia huku anaeleza, na maneno yalikuwa yakimtoka kwa kukatika. Kwamba dada yake alitembea siku mbili kutoka Mbuji, akapita Kitai, akaendelea upande wa Songea mpaka shuleni kwao, na kikapu kichwani. Kwamba yeye alikipokea kikapu getini kama mtu anayepokea mzigo wa mwingine, akarudi ndani haraka, hakumsindikiza hata hatua kumi. Wiki ile ile akaandika barua. Miezi mitatu baadaye akaletewa habari kwamba Skola ameugua homa na amekufa. Hakwenda kuzika, akasingizia mitihani. Na tangu hapo, kila siku ya Mungu, alikuwa anajiuliza kama barua ilimfikia, na kama alikufa akiwa nayo moyoni.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Nilimtazama usoni wakati ile barua inasomwa na nilimtazama baada ya hapo, na nitakuambia nilichokiona, lakini si sasa. Alipozungumza aliuliza swali moja.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne," baba akajibu.

"Ulikuwa mtoto," akasema shangazi. "Basi."

Akaichukua barua yake, akaifunga kwenye kitenge, akasimama.

Ningependa kukuambia yakaishia hapo. Lakini baba naye akasimama, akapapasa fimbo yake, akatafuta ndala kwa miguu, na akasema, "Nikusindikize."

Unajua mila zetu. Mgeni haachiwi kuondoka peke yake. Unatoka naye, unafika naye barabarani, mnaongea, mnafika mtoni, ndipo unarudi. Sasa mgeni kama yule unamsindikiza mpaka wapi? Unarudia wapi? Baba alikuwa ameanza kutembea, tena kwa nguvu ambazo sikuziona kwake tangu aje Ngumbo. Nikamdaka shati kwa nyuma.

Nikamwambia asiende. Akaniambia, "Niache, mwanangu. Siku ile sikumsindikiza." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwishaamua, mwenye furaha, na hiyo furaha yake ndiyo iliyonitisha kuliko kitu chochote siku hiyo. Mimi ni mwanamke wa mwili, na baba ni mkavu kama ukuni, ningeweza kumbeba. Lakini nilijua kwamba hata nikimfungia ndani kwa kufuli, mtu aliyeamua kwenda na mgeni wake huenda. Basi sikumwomba yeye. Nilimwomba shangazi.

"Shangazi, nakuomba," nikasema. "Mimi sina mwingine."

Ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, kama wangu. Halafu akamwambia baba, "Nisindikize mpaka kizingitini. Kuanzia hapo njia naijua."

Wakatembea. Hatua zenyewe hazikuzidi sita. Shangazi mbele, baba nyuma yake amenyoosha mkono, na mimi nyuma ya baba nimeng'ang'ania shati lake kama watoto wanaocheza gari moshi. Penye kizingiti baba akasimama. Pete za pazia zikalia. Baba alibaki amesimama pale, uso wake umeelekea jua asiloliona, mpaka nikaanza kuhofia kwamba amekufa wima. Kisha akageuka akaniambia ugali unaungua. Na kweli ulikuwa unaungua.

Sasa wewe mwenye kutaka ushahidi, sikiliza. Sakafuni, kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti cha wageni, kulikuwa na udongo mweusi, mbichi, nao ulikaa siku mbili haujakauka. Jumatatu nilimwita Mwalimu Salehe. Akaifungua barua niliyoichapa, ilikuwa imehifadhiwa vizuri, akaibonyeza isomwe, na mashine ikasoma ile barua tamu, neno kwa neno, na mafua yake. Akaipima mashine alasiri nzima. Haina ugonjwa wowote. Akaanza kunieleza kwa adabu kwamba walimu tunachoka, kwamba nipumzike kidogo. Nikamwonyesha udongo. Akauinamia, akaugusa kwa kidole, akavua kofia yake, na hakunieleza tena habari ya kupumzika. Nilimwomba aiondoe ile "Karibu, mzee," naye akaiondoa pale pale. Sasa mashine inafunguka kimya.

Usiku huo wa Jumamosi niliwahi kumuuliza baba kama aliisikia ile hodi. Nilidhani ataniambia masikio nayo yameanza kuchoka. Akatabasamu kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi mfukoni. Alisikia. Aliitambua sauti. Sheria ya mlangoni anaijua kuliko mimi, hakuthubutu kumkaribisha kwa kinywa chake. "Mimi sikutamka kitu," akaniambia. "Niliinua kifuniko tu." Karani ni karani, atatafuta kipengele hata kwa wafu.

Baada ya siku hiyo baba alianza kula kwelikweli. Alikula kama mtu mwenye kazi kesho, na kazi yenyewe ilikuwa kwenda Mbuji. Likizo ilipofika tukaenda. Katika watu wa rika lile amebaki bibi mmoja tu, aliyekuwa rafiki wa Skola na aliyemwosha alipokufa. Baba alimuuliza habari ya barua. Mimi nilikuwa nimeshajiandalia jibu kichwani: katekista alimsomea, Skola akaumia, akafa akijua, na ndiyo maana alikuja Ngumbo kumfanya mdogo wake akiri.

Bibi yule akasema sivyo. Barua ilifika kweli, na katekista alijitolea kuisoma. Skola akakataa. Akasema Bosko atakuja likizo na atamsomea mwenyewe, tena polepole, ili aisikie vizuri. Akaifunga kwa uzi wa mgomba, akawa anaionyesha kwa kila mtu anayepita, kwamba mdogo wake amemwandikia. Walipomzika walimwekea kifuani, haijafunguliwa, kwa sababu hakuna aliyejiona ana haki ya kuifungua.

Unaelewa maana yake? Hakuja kumdai baba yangu kitu. Hakujua. Alikuja na barua yake kwa furaha, amevumilia miaka yote hiyo, apate kusomewa neno zuri kutoka kwa mtoto aliyemlea. Alilisikia lile neno kwa mara ya kwanza sebuleni kwangu, kutoka kwa mashine, mbele yangu mimi ambaye hakuwahi kunijua. Na kabla machozi ya baba hayajakauka, alikwishamtafutia udhuru.

Baba yupo, mzima, na sasa tunaongea habari za Skola bila kubadilisha mazungumzo. Laptopu ipo, pembe yake imepasuka vile vile, na ukinijia kutaka ushauri wa kununua nitakupeleka Mbinga mwenyewe kwa muuzaji yule yule. Ila usiipe kinywa cha kuwaitikia watu mlangoni. Hilo ni onyo la kwanza, nalo ni dogo.

La pili ndilo lililonifanya nikusimulie. Nilikuahidi nitakuambia nilichokiona usoni kwa shangazi. Mashine iliposema "Dada," alikuwa anatabasamu. Alisogea mbele kwenye kiti asikose hata neno. Iliposema "Usije tena," tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kidogo, kama la mtu anayedhani amesikia vibaya, halafu akaitazama miguu yake, na akaivuta taratibu chini ya kiti. Kama yuko mtu aliyewahi kutembea kwa miguu kuja kukuona ukamwonea haya, na bado anapumua, nenda ukamwambie wewe mwenyewe, na uende wiki hii.